Tano Nukta Tatu

Ninafundisha takwimu chuo kikuu, na kazi yangu ni kuona yale ambayo nambari zinaficha. Hata hivyo, kwa wiki sita sikuona kilichokuwa wazi katika nambari za binti yangu.

Nyakio yuko Gredi ya Tisa, mwaka wa mtihani. Kila alfajiri tulitoka Kinoo kwenda bwawa moja la Kilimani, yeye akila mayai ya kuchemsha garini, mimi nikimwuliza maswali ya sayansi. Ili aingie kikosi cha taifa cha vijana, alipaswa kuogelea mita mia kwa dakika moja na sekunde tano. Kila Jumamosi kocha Bramwel alimpima, na kila Jumamosi alikosa kidogo tu. Nilimpa taulo nikamwambia, "Pole, mama."

Ilipobaki wiki moja kabla ya jaribio la mwisho, Bramwel alinifungulia daftari lake.

"Prof, si wewe ndio daktari wa nambari? Niambie hizi ni nini."

Dakika haikubadilika. Nikasoma sekunde za Jumamosi nne za mwisho: tano nukta tatu, tano nukta tatu, tano nukta nne, tano nukta tatu. Mwanafunzi akiniletea data safi namna hiyo, mimi humwuliza ameipika wapi. Mwili wa binadamu hautulii hivyo. Leo huamka mzito, kesho mwepesi.

"Anapunguza mwendo makusudi," nilisema.

"Mita kumi za mwisho. Anajua akivuta maji mara ngapi atakosa." Akacheka. "Kukosa vizuri hivyo inataka talanta. Kungekuwa na medali yake, ningempea."

Garini sikuwasha injini. Nyakio alikuwa akimenya yai la pili.

"Kwa nini unakosa makusudi?"

Aliendelea kumenya hadi ganda likaisha.

"Ulimwambia shosho kwa simu, 'Asipochaguliwa, nitapumua.' Nikataka upumue, Baba."

Nilikuwa nimesema hivyo kweli. Nilimwambia mama yangu, anayeishi Kabiria, nikiuhofia mtihani, na nikasahau kwamba kuta za nyumba yetu ni nyembamba.

"Na wewe unataka nini?"

"Zote mbili. Kuogelea na shule. Lakini maswali ya sayansi saa kumi na moja asubuhi, Baba, hapana. Hata yai haishuki."

Nilijaribu kubaki na uso wa mhadhiri, nikashindwa.

"Basi Jumamosi ogelea. Kupumua nitajipangia mwenyewe."

Akanipa nusu ya yai.

Jumamosi iliyofuata aliogelea kwa dakika moja, sekunde tatu nukta sita, akachaguliwa. Siku hizi alfajiri tunasikiliza nyimbo zake garini, sayansi husomwa jioni kwa ratiba anayoiandika yeye, na shosho nampigia simu sote tukiwa mezani.