Gilasi Mbili za Krimu

Sadie Stoltzfus alivitazama vichupa viwili vya damu mezani kwake, akajua mumewe, Ammon, kamdanganya nesi aliyekuja kuwapima mafuta ya damu. Asubuhi wote wawili walipewa gilasi kubwa ya krimu wainywe, na baada ya muda wa saa nne wakatolewa damu. Damu ilipojitenga, maji ya juu kwenye chupa ya Sadie yalikuwa meupe kama maziwa. Ya Ammon yaling'aa, utadhani kanywa maji ya kisima.

“Krimu yake kawanywesha ndama,” alisema Sadie. “Namjua huyu.”

“Nimeinywa yote, mke wangu.”

“Mbona ulitoka nayo nje?”

“Ndani kulikuwa na macho yako.”

Nesi Colleen akacheka. Akaeleza kwamba protini zinazobeba mafuta kwenye damu hazilingani kwa watu wote. Wapo waliorithi damu inayosafisha mafuta upesi. Dada zake Ammon walikwisha kupimwa, nao wako vivyo hivyo.

Sadie akabetua midomo. “Urithi gani? Hiyo ni miaka kumi na miwili ya viazi vyangu visivyo na siagi.”

Ammon akashindwa kuvumilia. “Viazi vyako? Kila Jumamosi kwa mama nakula nyama ya nguruwe na mafuta yake, na mkate naupaka siagi unene wa kidole. Na damu ndiyo hiyo.”

Nesi akainamia makaratasi yake.

“Jumamosi,” Sadie alisema taratibu, “huwa unakwenda kumpasulia kuni.”

Ammon akainuka kutafuta kofia yake.

“Mama yako anapikia gesi, Ammon. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe.”