Gauni Lililopita Kwenye Tundu

Bahasha iligoma katikati. Karani wa posta aliisukuma kwa kidole gumba, ikaingia kidogo, ikagoma tena, na kola ya gauni la harusi la dada yangu ikabaki nusu huku, nusu kule, kwenye tundu la kile kibao chake cha kupimia.

"Ikipita ni barua," alisema, kama alivyoniambia kila nilipokuja. "Isipopita ni kifurushi."

Nilijua. Bei ya kutuma kifurushi ng'ambo ilibandikwa ukutani juu ya kichwa chake, na sisi hatukuiweza. Barua nene tuliimudu, kwa kujibana. Ndani ya bahasha ile kulikuwa na kipande cha mwisho, kola yenye shanga, na harusi ilikuwa inakuja mbio.

"Naomba nijaribu mwenyewe, mama," nikamwambia karani.

Nikailaza juu ya kaunta, nikaiegemea kwa viganja vyote viwili, nikasikia shanga zikihama taratibu kutoka katikati kwenda pembeni. Mtu mmoja kwenye foleni alisonya. Karani akageuka kutazama dirishani, na mpaka leo naamini alifanya makusudi. Nikasukuma. Bahasha ikakwaruza, ikapita, ikaangukia upande wake.

"Barua," akasema, akaigonga muhuri.

Nilitoka pale nikijiambia kwamba lililokuwa gumu limekwisha. Kumbe wapi.

Mama yangu alikuwa fundi wa nguo za harusi, na mtaani kwetu mkasi wake uliaminiwa kuliko mizani ya mwenye duka. Hakuwa akikosea. Mwanafunzi wake akikosea, hakumgombeza. Alimwekea nguo mezani bila neno, akarudi kwenye cherehani yake, nawe ukae nayo hapo mpaka ulione kosa lako. Mimi nimelia sana juu ya meza ile. Dada hakulia hata mara moja. Dada, kifungua mimba, ndiye aliyerithi mkono wa Mama, na ndiye aliyekataa kurithi duka. Siku aliyoondoka kwenda kufanya kazi ng'ambo, alisimama mlangoni na begi lake, akaaga, na Mama hakuinua kichwa. Cherehani ililia mpaka gari likaondoka. Tangu siku hiyo walisalimiana kupitia kwangu, na mimi kitinda mimba nikawa waya wa simu.

Habari ya harusi ilipotufikia, Mama alishinda kimya mchana kutwa. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nikawa nangoja mshindo. Jioni akasema tu, "Kaulize bei ya kutuma gauni."

Nikauliza. Niliporudi na bei ya wakala wa mizigo ya ndege, Mama alinitazama kwa huruma. "Nilikutuma bei ya kumpelekea bibi harusi gauni," akasema, "si bei ya kumleta bibi harusi mwenyewe." Walikuwapo wengine, wanaokusanya mizigo ya watu wengi katika kontena moja. Bei yao nzuri kabisa, ila meli yao ingefika Dada akiwa na mtoto mgongoni. Jirani yetu alikuwa na mpwa anayesafiri. Tulipokwenda kumwona tulimkuta amelikalia begi lake ili lifunge, na mlangoni wamesimama watu wengine wenye vifurushi na sura za unyenyekevu kama zetu. Ndipo nilipomweleza Mama juu ya kile kibao cha posta.

Aliniuliza upana wa tundu. Nikamwonyesha kwa vidole. Akaja karibu, akavipapasa vidole vyangu vile vile nilivyoviacha, akacheka kwa mara ya kwanza tangu habari ifike.

"Basi silishoni," akasema. "Nalikata tu. Kata pua uunge wajihi. Atalishona mwenyewe huko aliko, kwani nani alimfundisha?"

Satini nyeupe ilikuwapo, mabaki ya kazi ya mteja, lakini haikutosha kukunjwa na kukatwa mikono yote miwili kwa pamoja kama ilivyo desturi. Mama aliikata mmoja mmoja, akipenyeza karatasi yake ya kukatia pale kitambaa kilipobaki. Kila kipande tulikipiga pasi, tukakilaza kati ya magazeti, tukakisukumia chini ya godoro lake ili kilale bapa. Mimi nilimtungia uzi kwenye sindano za kushonea shanga. Nilikuwa nikimtungia kwa muda mrefu. Alisema vidole vyangu ni vyepesi, nami nikajivunia. Vipande vikaenda posta kimoja kimoja: kifua, mgongo, sketi kwa mapande yake, mikono, mwisho kola. Nilimsihi aandike walau mstari mmoja wa kumtia Dada moyo.

"Niandike nini?" akasema. "Atausoma mkasi."

Simu ya Dada ilikuja wiki ya harusi. Nilikuwa mbele dukani, simu nimeifungulia spika kwa ajili ya kelele za barabarani. Mama alikuwa nyuma ya pazia akipiga pasi.

"Vyote vimefika," Dada akasema. Sauti yake haikuwa ya mtu aliyefikiwa na kitu. "Sasa niambie wewe. Nimemkosea nini tena?"

"Dada, kuna nini?"

"Mikono yote miwili ni ya kushoto. Yote! Nimeilaza, nimeipima, nimekesha nayo. Mama hakosei mkasi, unamjua. Kaniwekea mezani." Akavuta pumzi. "Yaani kavusha bahari yote hiyo ili aniwekee kosa langu mezani. Mwambie ujumbe wake nimeupata. Gauni silivai, nitaazima kwa watu."

Hapo ndipo nilipoona. Niliona sindano nilizokuwa nikizitunga. Niliona vidole vyangu vikipapaswa. Niliona chai iliyomiminwa nje ya kikombe, birika likasingiziwa. Ile karatasi ya kukatia ilikuwa na alama ya penseli, ya kumwonyesha fundi aigeuze anapokata mkono wa pili, na alama ilikuwa imefifia. Mama hakuwa ameiona. Alikuwa ameilaza upande ule ule mara mbili.

Nikisema, nimemvua Mama nguo. Fundi asiyeona, nani atamwachia kitambaa cha harusi? Nikinyamaza, wale wawili hawatasemeshana tena mpaka kaburini. Nilikuwa msichana tu. Kisha nikatambua kwamba pasi nyuma ya pazia haisikiki tena, na sikujua ilinyamaza tangu lini.

Pazia likasogea. Mama akanyoosha mkono, si kwenye simu hasa, bali pembeni yake kidogo. Nikaisogeza simu mpaka ikamgusa kiganja.

"Mwanangu," akasema. "Sikutuma maneno. Ni macho."

Upande wa pili ikatoka sauti ndogo, "Mama?"

"Tundu la sindano silioni siku nyingi. Mdogo wako ndiye ananitungia, na hata yeye sikumwambia. Mikono nimekosea. Mimi ndiye niliyekosea."

Sikuwa nimewahi kumsikia akilitamka neno lile, kwa nguo wala kwa mtu. Nilimwonea huruma mpaka nikaona haya kumtazama. Dada alikuwa analia waziwazi, nikimsikia toka niliposimama.

"Kitambaa kimebaki, Mama?"

"Hata cha kufunika kifungo hakuna. Ugeuze mmoja, ndani uwe nje. Utakuwa wa kulia."

"Upande wa ndani haung'ai."

"Najua."

"Watu wataona."

"Waone."

Picha ya harusi ilipoingia kwenye simu, Mama aliisogeza mpaka puani, kisha akanipa. "Nisomee."

"Amependeza sana."

"Sikukuuliza hilo. Mikono."

"Wa kushoto unang'aa. Wa kulia umefifia."

"Umekaa?"

"Umekaa, Mama. Hauna hata kunyanzi."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye kazi yake.

Baadaye ilitufikia bahasha kutoka ng'ambo, nyembamba, iliyolipiwa bei ya barua. Barua ndani haikuwamo. Kulikuwa na ukanda mwembamba wa satini nyeupe, uliopunguzwa kwenye mshono, na juu yake zimechomekwa sindano, safu kwa safu, kila moja imeshatungwa uzi: mweupe, mweusi, wa bluu, umezungushwa vizuri usije ukatatizana. Mama alizipapasa zote, asiruke hata moja. Akachomoa ya kwanza, akapiga fundo kwa vidole, akaivuta sketi ya mteja iliyokuwa ikingoja pindo.

Alishona kidogo, kisha akasimama.

"Nimwambie nini Dada?" nikauliza, kwa mazoea.

"Wewe usimwambie kitu. Nipigie, nizungumze naye," akasema. "Uzi wake mrefu mno."