Mafuta Chini ya Ulimi

Bangi yenyewe haikumtisha Bualai. Alikua nayo. Utotoni mwake, katika vijiji vile vya kaskazini-mashariki mwa Thailand, mche mmoja au miwili uliota nyuma ya kila jiko, na mama yake alikuwa akichuma majani machanga na kuyatupia kwenye mchuzi wa kuku, wazee wakala, kisha wakacheka mambo yasiyochekesha. Kilichomtisha ni kulewa. Mwanamke wa miaka sabini na kitu, ambaye kila siku takatifu huvaa nyeupe akaenda hekaluni kuahidi mbele ya watawa kwamba hatagusa kileo, leo aonekane anachekeana na nguzo za nyumba? Thubutu. Afadhali maumivu.

Lakini maumivu nayo yalikuwa yamepita kiasi. Baridi yabisi ilikuwa imemshika vidole vyote, usingizi ukamhama, na asubuhi akawa hawezi hata kufinya tonge la wali wa kunata. La tonge angelivumilia. La kitambaa lilimshinda.

Mjukuu wake, Fai, alikuwa aolewe mara tu mvua zitakapokwisha, watawa watakapomaliza miezi yao ya kukaa hekaluni na harusi kuruhusiwa tena. Na huko kwao bibi harusi haendi kwa wakwe mikono mitupu. Hupiga magoti mbele ya mama mkwe, akamkabidhi kitambaa cha hariri kilichofumwa nyumbani kwao, akamwomba radhi kwa makosa yote atakayokuja kumkosea. Fai mwenyewe alikuwa akiuza simu mjini, na hajui kufuma hata kitambaa cha kufutia vyombo. Mama yake, Lamduan, alikuwa na mikono ya shamba na hasira za sokoni. Uzi ukimkatikia mara mbili, wa tatu anaukata mwenyewe. Alibaki Bualai, na Bualai alikuwa ameshaahidi.

Tena mama mkwe hakuwa mtu wa kudanganywa. Thongmuan alikuwa mfumaji, na wafumaji wa kijiji chake husifika kwamba hawatazami kitambaa, hukipapasa. Akipitisha kidole tu, anakuambia kama aliyekifuma alikuwa na njaa au amegombana na mumewe. Kumpelekea mtu kama huyo kitambaa cha dukani ni kumtukana mchana kweupe.

Bualai alikaa kwenye kitanda chake cha kufumia, pale chini ya nyumba, katikati ya nguzo zilizoiinua, akaanza. Alipitisha uzi, akavuta kitana cha mbao kuupigilia, na mkono ukakataa. Akavuta tena. Uzi ulikuwa ukilala kivivu, una nafasi kama meno ya mtoto. Aliendelea hivyo hivyo mpaka kitambaa kikawa na urefu wa mkono mmoja, kisha akashindwa kabisa, akakaa analia kimyakimya kwa hasira. Lamduan alimkuta hapo. Hakumbembeleza, maana hakuwa na ufundi huo, ila siku ya kliniki ilipofika alimpakia mama yake kwenye pikipiki akampeleka hospitali ya wilaya, ambako walisikia wanatoa mafuta ya bangi kwa wenye maumivu.

Mfamasia, binti mpole mwenye miwani aliyeitwa Wilaiphon, alianza kwa kuuliza maswali mengi kuliko Bualai alivyotarajia. Anakunywa dawa gani za presha? Anatumia dawa ya kuyeyusha damu? Ini lina shida? Ana poda za maumivu anazonunua dukani? Bualai alikana za dukani. Lamduan akakohoa. Bualai akazitoa kwenye mkoba.

Wilaiphon alizitazama, akaziweka pembeni, akaeleza kwamba haulizi ili kugombeza. Mafuta yale yanaweza kugongana na dawa nyingine, na ndiyo maana mtu asiyanunue kichochoroni akajitibu mwenyewe. Daktari alishapitia majibu yake na ameridhika. Kisha Bualai akauliza lililomweka roho juu.

"Yatanilewesha?"

"Haya hapana, bibi. Bangi ina vitu vingi ndani yake. Kile kinachowapanda watu kichwani kimeondolewa, kilichobaki ni kidogo mno. Hiki kingine kinaitwa CBD. Unaweza kusikia usingizi au mdomo mkavu, kwa hiyo usipande pikipiki ukiendesha mwenyewe. Lakini hutacheka na nguzo."

Bualai alimgeukia binti yake kwa jicho kali, kwani maneno ya nguzo alimwambia yeye peke yake, nyumbani.

Wilaiphon akaonyesha namna ya kutumia. Unafyonza mafuta kwa kile kibomba kidogo cha mpira. Unaanza na matone machache kabisa, ya chini kuliko unayodhani yatakutosha, asubuhi na jioni baada ya kula. Unayadondosha chini ya ulimi na kuyashikilia hapo kwa utulivu, usiyameze upesi, nyama ya mdomo iyanywe yenyewe. Huongezi tone bila kurudi kliniki. Wala usitegemee muujiza. Wengine yanawasaidia, wengine hapana, na kwa anayesaidika huchukua muda.

Bualai alifuata kila neno. Asubuhi na jioni alikuwa akikaa kwenye ngazi, anafumba macho na kunyamaza huku mafuta yako chini ya ulimi, ladha yake kama majani yaliyolowa. Hata majirani waliomsalimia aliwajibu kwa mkono. Na siku zikaenda. Usingizi haukuja. Vidole vikabaki vilevile. Chupa ikakaribia kwisha, na kile kipande cha urefu wa mkono kikabaki kinamtazama kutoka kwenye kitanda cha kufumia.

Siku moja Lamduan alirudi kutoka mjini na kifurushi, akakifungua mezani. Kilikuwa kitambaa cha hariri cha zambarau, kizuri, kimenyooka, kimefumwa na mashine.

"Mama, usinune. Nimekinunua kiwepo tu, kama mtu anavyoweka mwavuli."

"Thongmuan atakijua kabla hajakikunjua."

"Akijua ajue. Atamrudisha Fai kwetu? Mama, unajiua kwa ajili ya kitambaa."

Bualai alimwambia kwamba si kitambaa. Ni mjukuu wake atakayepiga magoti mbele ya watu, na alichoshika mikononi ndicho kitakachosema katoka kwa watu gani. Lamduan akakikunja kile cha zambarau polepole, akakiweka kabatini. Bualai hakukasirika tena. Alivunjika moyo, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Kliniki iliyofuata alikwenda kwa shingo upande, kurudisha chupa tu. Wilaiphon alisikiliza, akafungua faili, akawa anafikiria kumwomba daktari aongeze matone. Kisha akasita.

"Bibi, hebu nionyeshe unavyofanya. Kama uko nyumbani."

Bualai hakupenda kupimwa kama mtoto wa shule, lakini alifyonza mafuta, akadondosha chini ya ulimi, akafumba mdomo na macho. Muda ulipotosha, Bualai alifumbua macho, akatazama huku na huku, akaona ndoo ya taka chini ya meza. Akainama kwa adabu, akatema.

Wilaiphon alibaki ameshika kalamu hewani.

"Bibi. Mbona umetema?"

"Sasa nifanyeje? Ulisema niyashikilie, nimeshikilia. Yamekwisha kazi."

"Unatema siku zote?"

"Mwanangu, mimi natafuna tambuu tangu nilipoolewa. Kitu cha kushikilia mdomoni hakimezwi. Ukimeza maji ya tambuu na ile chokaa yake, tumbo linaungua. Nyie watoto wa siku hizi hamfundishwi?"

Lamduan alijifunika uso kwa mikono miwili. Mabega yakaanza kumtikisika. Wilaiphon alijitahidi kushika heshima ya ofisi, ikamponyoka, akacheka mpaka akavua miwani. Bualai aliwatazama mmoja baada ya mwingine, amekasirika kabisa, kisha picha ya yale mafuta yote yaliyoishia kwenye kopo lake la kutemea ikamjia, na yeye akacheka hadi meno yake mekundu yakaonekana yote.

Walipotulia, Wilaiphon aliomba radhi. Alisema kosa ni lake, kwa sababu hilo la mwisho hakulisema. Alidhani halihitaji kusemwa. Kisha akawa na uso wa kazi tena. Asingeongeza tone hata moja. Mwili wa bibi ulikuwa haujaonja dawa ya kutosha, kwa hiyo wangeanza upya, chini kabisa, kama mtu aliyekuja leo. Angeshikilia, halafu angemeza. Na tambuu isikaribie mdomo wakati wa dawa, kabla wala baada. Na kama bibi ataweza kuiacha kabisa, mdomo wake utamshukuru, maana tambuu huleta saratani. Alilisema hilo bila kupaka sukari.

Kuiacha kabisa Bualai hakuahidi. Lakini tambuu ya jioni aliiacha, na hiyo ndiyo ilikuwa dawa chungu kweli. Jioni ndipo alipokuwa akikaa na wenzake kwenye benchi la mianzi, kila mmoja na kijisinia chake cha popoo na majani, wakitafuna na kusengenya. Sasa alikaa nao mdomo mtupu, akimeza mafuta yake, huku wakimwuliza kama amekuwa mtawa. Aliwajibu kwamba mtawa hukaa na watu wenye adabu.

Kwanza hakuona tofauti. Kisha asubuhi moja Lamduan alipanda ngazi mbiombio, akamtikisa mama yake kwa nguvu, maana jua lilikuwa juu na kuku wanalia njaa na Bualai hajaonekana. Bualai alifumbua macho akauliza nani amekufa.

"Nilidhani wewe," Lamduan alisema, akakaa chini sakafuni.

Alikuwa amelala tu. Usiku mzima, bila kuamka.

Vidole havikurudi kuwa vya msichana, na Bualai hakudai hivyo. Asubuhi bado vilikuwa vigumu. Lakini aliyelala hukaa na maumivu tofauti na asiyelala, na baada ya chai vilikuwa vikilegea kiasi cha kushika kitana na kukivuta barabara. Alifuma kidogo, akapumzika, akafuma. Sauti ya mbao ikigonga uzi ikarudi chini ya nyumba, na Lamduan akipita na kapu lake alikuwa akipunguza mwendo bila kujijua. Kitambaa kikawa kizito, kimeshikamana, kama kile alichokuwa akikifuma zamani.

Ila mwanzo ulibaki mlegevu. Alitaka kuufumua, siku zikawa hazitoshi. Alitaka kuukata, kitambaa kikawa kifupi. Usiku wa kuamkia harusi vitambaa viwili vililala mezani, cha zambarau kilichonyooka na cha Bualai chenye mwanzo wa aibu, na bibi mwenyewe, kwa woga uliomshangaza, akamwambia Fai achukue cha dukani. Fai alivipapasa vyote viwili. Hakuwa mjuzi wa hariri.

"Hiki hakijui jina langu," alisema, akakirudisha kile cha zambarau kabatini.

Asubuhi, mbele ya ndugu waliokaa mkekani, Fai alipiga magoti, akainamisha kichwa, akakabidhi kitambaa na kuomba radhi zake. Thongmuan alikipokea kwa mikono miwili. Alikuwa mwanamke mnene, mtulivu, mwenye sura isiyosema mambo ya ndani. Alimfunga bibi harusi uzi mweupe mkononi na kumtakia heri, wengine wakasogea kufanya vivyo hivyo, kelele zikaanza. Hapo ndipo alipokunjua ncha ya kitambaa mapajani. Kidole chake kikaanza kutembea.

Kilisimama pale pale Bualai alipojua kitasimama. Bualai alihisi uso unamwaka. Akasogea karibu ili akisemwa asemwe kwa sauti ndogo.

"Mama," Thongmuan alisema bila kuinua macho, "hapa mikono ilikuwa inakuuma."

"Sana."

Kidole kikasonga mbele, kikavuka ule mwanzo mlegevu, kikafika palipokaza. Kikapita hapo mara ya pili.

"Na hapa?"

"Hapa nilikuwa nimelala usingizi."

Watu walikuwa wakicheka upande wa pili, mtu amemwagia bwana harusi pombe ya mchele. Bualai alisubiri hukumu yake.

"Changu nimekifunika tangu mwaka jana," Thongmuan alisema. "Kitanda cha kufumia. Nimewaambia watu macho ndiyo yamechoka."

Akatoa mikono yake chini ya kitambaa, akaiweka wazi mbele ya Bualai. Viungo vyote vilikuwa vimevimba. Bualai aliishika, yote miwili, akaanza kuisugua kidole kimoja kimoja, hapo hapo mbele ya wageni, na mama mkwe wa mjukuu wake akamwachia mikono hiyo kama mtoto.

"Jumatatu ni kliniki," Bualai alimwambia. "Nitakupitia asubuhi."