Uso wa Haruni Angani

Mzungu alikuwa hewani, shuka jekundu likimpepea mgongoni, na banda zima likimpigia makofi. Ilikuwa miaka ya ruksa, mwishoni mwa themanini, vitu vya nje viliporuhusiwa, pale Ikwiriri. Twalibu, mwenye banda, alikuwa ameleta televisheni na video kutoka Dar, madirisha kayaziba kwa magunia ya ufuta ili mchana uwe giza. Nilikaa baina ya mume wangu Mudathiri na kaka yangu Haruni. Haruni ndiye aliyeinuka.

"Mbona huyu hamumwiti mchawi?"

"Babu, mchawi gani anavaa chupi juu ya suruali!"

Vijana wakacheka. Mudathiri akainamisha kichwa, nami nikajifanya nafunga upya ushungi.

Miaka ya sabini mume wangu alikuwa Dar, akitunga katuni gazetini: shujaa wa huku kwetu, wa kuinua nyumba kwa bega moja. Ikapendwa. Wakubwa wakataka iwe sinema ya michoro inayotembea, ya kuwafundisha watu wahame mabondeni. Yule wa gazetini alikuwa mistari michache tu; kwa sinema akakosa sura. Mudathiri akachukua ya shemejiye, bila kumwuliza: pengo la meno, kovu lililoikata nyusi ya kushoto, hata ule mwendo wa kutanguliza bega.

Gari la sinema likafika Ruaruke, kijijini kwetu, baada ya isha. Shuka jeupe likatundikwa kwenye milingoti miwili. "Haruni huyo!" watu wakashangilia, na kaka yangu akacheka mpaka akajifuta machozi. Kisha Haruni wa kwenye shuka akaruka. Akapita juu ya mapaa, usiku, peke yake.

Kelele zikakatika. Mwanamke mmoja akakunja mkeka wake, akambeba mwanawe. Nani asiyejua ni watu gani wanaoruka usiku?

Mwezi haukuisha, mtoto wa jirani akafa kwa degedege, na vidole vikamwelekea Haruni. Rukaiya, mkewe Haruni, akarudi kwao. Kaka yangu akahamia Mohoro, akalima mpunga wake kando ya watu. Nilimpelekea mume wangu salamu Dar: njoo uwaambie watu kuwa ni michoro tu. Akajibu, "Watazoea."

Sasa, bandani kwa Twalibu, Haruni alikuwa amesimama mbele yake. "Shemeji, waambie."

Mudathiri akainuka polepole. Sauti ilitoka ndogo. "Yule hakuwa Haruni. Ilikuwa michoro yangu. Uso niliuchukua mimi, wala sikumwomba..."

"Mzee, kaa chini, unatuziba!"

Niligeuka huku na huku nikitafuta hata mtu mmoja wa Ruaruke wa siku zile. Vijana tu. Mzungu akaizuia treni kwa mkono, makofi yakavuma.

Haruni akamshika mume wangu mkono, akamketisha. "Basi, shemeji. Umesema."

Kisha akaivuta kofia yake mpaka kwenye nyusi, kama alivyozoea kila apitapo penye watu. Mudathiri, aliyelichora lile kovu mara zisizohesabika, akatazama miguu yake mwenyewe.