Sanduku la Juu ya Paa

Kuna watu hawafukuzi mtu nyumbani. Wanampunguzia kazi.

Mdogo wa kiume wa Dada wa Juu alipoingia na katoni kifuani, hata viatu hajavua, neno lake la kwanza lilikuwa hilo hilo. "Dada, nimekuja kukupunguzia kazi." Akaitua katoni mezani, juu ya sahani ambazo dada mtu alikuwa hajamaliza kuziondoa, akaipasua kwa ufunguo wa gari. Zikamwagika waya, fyuzi, vibao vya umeme vilivyofungwa kwenye karatasi za rangi ya fedha, na sanduku la plastiki lisiloingia maji.

Dada mwenyewe walimwita Dada wa Juu, kwa kuwa alikaa juu ya paa. Paa la nyumba ya baba yao lilikuwa la zege, tambarare, na huko kulikuwa na vitu viwili: kibanda cha darubini na chumba chake. Chumba alikipata mwaka ule aliotoka kwa mumewe na taya limevimba. Baba yake, mpima ardhi mstaafu, hakumuuliza taya limefanywa nini. Alimuuliza atakaa mpaka lini. Ikaja bahati, kama ni bahati: nyonga za mzee zikamwishia, ngazi zikamshinda, na darubini ikataka mtu. "Basi akae," alisema mzee mbele ya wageni, binti yake akipita na trei. "Huyu hakai bure. Ananilindia darubini."

Kulinda! Kila magharibi yeye ndiye aliyelisukuma paa la kibanda likateleza juu ya reli zake, akawasha mota inayoizungusha darubini ifuate nyota, akawasha kamera, akauwasha mkanda wa joto ili umande usitande kwenye kioo. Picha zilishuka kwenye kompyuta ya baba sebuleni. Kutoka hapo zilikwenda kwa mdogo wake, aliyefanya kazi mji mwingine, na huyo alizionyesha kwenye kikundi chao cha watazama nyota zikiwa na jina lake mwenyewe pembeni. Nyumbani hakuna aliyeona ajabu. Hata shuleni mdogo wake alipewa zawadi kwa redio aliyoifufua dada yake jikoni, na dada mtu siku hiyo alipiga makofi mpaka viganja vikamuwasha.

"Ni sanduku la kuwashia vitu kwa mbali," mdogo wake alieleza, akichambua vile vibao. "Mimi niko ofisini kwangu, nabonyeza simu, huku darubini inaamka. Nabonyeza tena, inalala. Wewe miguu juu."

"Na litajengwa na nani?"

"Si wewe? Fundi wetu ni nani kama si wewe?"

Baba akacheka kutoka kwenye kiti chake. "Mwangalie anavyochanua. Msifie kidogo tu, atakujengea na kanisa na msikiti."

Alilijenga kwa furaha, na hilo ndilo linaloudhi. Wiki nzima meza ya chumbani kwake ilinuka risasi ya kulehemia. Alipanga rilei kwa safu, zile swichi ndogo zinazojibana zenyewe kwa sauti ya tik zikipewa amri: moja ya mota ya darubini, moja ya kamera, moja ya mkanda wa joto, moja ya feni, moja ya mota mpya ya kulisukuma paa, moja ya taa nyekundu. Kila njia aliipa fyuzi yake, ili kifaa kimoja kikiungua kisivivute vingine. Waya zote zilitokea chini ya sanduku na kila tundu lilivalishwa pete ya mpira, maana mvua hutafuta tundu kama mdeni anavyotafutwa. Chini ya shingo ya darubini aliweka swichi moja ya usalama: kama darubini haijalala, paa halifungi hata ubonyeze mpaka kidole kiote sugu.

Mdogo wake alipanda na kushuka, akimsomea maelekezo ya kwenye simu.

"Hapa wanasema uanze na waya mwekundu."

"Nimeshaumaliza juzi, mdogo wangu."

"Nakukumbusha tu."

"Haya, nikumbushe na kupumua."

Mdogo wake alicheka, naye akacheka, na kwa kitambo wakawa kama zamani, walipokuwa wakigombea bisibisi moja chini ya meza ya jikoni. Jioni hiyo sanduku likakamilika. Alibonyeza mwenyewe, tik, tik, tik, akaufunga mfuniko, akalipangusa kwa upindo wa khanga kama mtu anayempangusa mtoto pua kabla ya kumpeleka kwa wageni.

Kesho yake, mezani, ndipo alipoambiwa. Mdogo wake ndiye aliyesema, huku akijipakulia.

"Shemeji atafika Jumapili. Tumeshazungumza naye. Amebadilika sana, dada, biashara yake ya matairi imesimama."

"Anakuja kufanya nini?"

"Kukuchukua. Hivi ulifikiri utazeekea juu ya paa?"

Alimgeukia baba yake. Mzee alikuwa anachambua mfupa wa samaki kwenye sahani, kwa uangalifu wa mtu anayepima kiwanja.

"Baba?"

"Ulikaa kwa sababu kulikuwa na kazi," mzee alisema. "Kazi imepata mwenyewe. Chumba kile kitawekwa betri za darubini."

"Na sanduku likikataa kufanya kazi?"

Wakatazamana, baba na mwana, kama watu waliosikia swali la kitoto.

"Likikataa," alisema mzee, "nani atanifungulia darubini? Utabaki. Lakini umelijenga wewe mwenyewe. Litakataa vipi?"

Usiku huo Dada wa Juu alilifungua sanduku, akashika bisibisi. Kulegeza skrubu moja tu kungetosha. Waya ungekaa mahali pake, mtu angeuona mzima, na umeme usingepita. Aliigusa ile skrubu. Mkono ukamkatalia. Maisha yake yote alikuwa hajawahi kumaliza kitu akakiona kimenyooka hivi, na sasa akipinde kwa ajili ya wale? Akalifunga.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo sanduku halikulijua. Mdomo wa darubini ulikuwa na kifuniko cha plastiki, cheusi, kama cha sufuria. Kila jioni alikitoa kwa mkono akakitundika msumarini, na kila alfajiri alikirudisha. Hakikuwa na waya wala swichi, kwa hiyo hakuna aliyekihesabu kuwa ni kazi. Baba mtu alikuwa amesahau kwamba kipo. Mdogo wake hakuwahi kukijua. Dada wa Juu hakuwa na haja ya kuharibu chochote. Angekiacha hapo kilipo, akanyamaza.

Jumapili mume akaja, shati limepigwa pasi, harufu ya mpira wa matairi ikimtangulia. Alikalishwa kiti kizuri. Jua lilipozama, mdogo mtu akaketi katikati ya sebule na simu yake kama mwenye kuchezesha bahati nasibu.

"Shemeji, sikiliza hapo juu." Akabonyeza. Tik. Paa la kibanda likasikika likiteleza juu ya vichwa vyao. "Baba, umesikia? Sasa darubini." Tik. "Sasa kamera."

Kwenye kompyuta picha ikafunguka. Nyeusi tii.

"Subiri, inapasha." Wakasubiri. Nyeusi. Akazima, akawasha. Akasogeza darubini mashariki, akairudisha magharibi. Kote huko mbingu ilikuwa imekufa.

"Mawingu?" mume akauliza.

"Mawingu gani, nje nyota zimemwagika!" Akamgeukia dada yake. "Uliunga vipi kamera?"

"Kama ulivyonisomea."

"Mimi nilikusomea sawa. Mikono yako ndiyo tatizo."

Mzee akapiga mkongojo sakafuni. "Nilisema mimi! Nilisema tumtafute fundi, mwanamume, mwenye cheti chake. Mkaniambia huyu anaweza. Anaweza nini? Kupika ugali usiwe na mabonge ndiyo kipimo chake."

"Na hata huo, baba," mume alisema, na kicheko kikamtoka puani. "Mimi niliula. Ningeweza kulivalisha gari kama tairi."

Wakacheka wote watatu. Dada wa Juu alisimama mlangoni, mikono nyuma. Cheka. Cheka, mzee. Kila kicheko kilikuwa siku nyingine ya chumba chake, na alikuwa tayari kuzinunua zote kwa bei hiyo. Mdogo wake alipotupa simu kwenye kochi na kusema, "Basi, shemeji, tusidanganyane, kwa sasa dada itabidi abaki," moyo ulimruka hata akaogopa utaonekana kwenye nguo.

Angekaa kimya hapo tu. Dakika chache tu za kukaa kimya.

Lakini mdogo wake alikuwa na hasira ya kuaibika mbele ya mgeni. Alichukua koleo kwenye droo, akapanda ngazi mbili mbili, na mume akamfuata kuangalia. Dada naye akafuata. Walipofika kibandani alikuta mfuniko wa sanduku umeshatupwa chini, na ndugu yake ameingiza koleo katikati ya safu ya waya alizozipanga kwa siku saba, nyekundu na nyekundu, nyeusi na nyeusi, zote zimelala upande mmoja kama nywele zilizochanwa.

"Takataka," alisema mdogo wake. "Nang'oa yote. Nitanunua la kiwandani."

Akakata waya wa kwanza, ule wa taa nyekundu. Ikaruka cheche.

"Usiguse!" Sauti ilimtoka dada kabla hajaizuia. "Sanduku ni zima! Umesikia? Zima! Toa kifuniko, mjinga wewe, darubini ina kifuniko!"

Feni ndogo ilikuwa inazunguka. Mume ndiye aliyenyoosha mkono, akakivuta kifuniko, kikatoka kwa sauti ya chupa ya soda. Chini, mzee akapiga ukelele.

"Nyota! Nyota! Mungu wangu, zimetulia kama zimechorwa!"

Mdogo mtu akamtazama dada yake. Alichelewa kuelewa, na alipoelewa hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alitabasamu.

"Kumbe ulijua."

Dada aliinama, akauokota mfuniko wa sanduku.

"Umekaa pale unatutazama, na unajua." Akampa koleo. "Haya. Unga nilichokata. Na kwenye katoni kuna mota ndogo imebaki. Nifungie ya kukifungua hiki kifuniko, maana wewe hutakuwepo."

Mume akaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa kumsubiri. Mdogo mtu akamshikia tochi. Na yeye akafanya. Msiniulize kwa nini. Waulizeni waliomfundisha kwamba mkono wake una thamani pale tu unapowafaa wengine. Aliunga waya, akaifunga ile mota, akaijaribu. Tik, kifuniko kikanyanyuka. Tik, kikalala. Akaandika 'kifuniko' kwa kalamu pembeni ya swichi yake, kwa herufi zilizonyooka, kama alivyoandika nyingine zote.

Nguo zake zilijaa kwenye begi moja. Sebuleni aliinama kumuaga baba yake, na mzee akampungia mkono apishe, bila kuondoa macho kwenye kioo cha kompyuta.

"Subiri kwanza, picha inashuka."

Mume hakusubiri. Walikuwa wamefika getini, kule paani kulipoanza kuguruma: mdogo wake alikuwa analifunga paa, kwa simu, akiwa ameketi. Dada wa Juu akasimama na begi lake, kichwa kimeelekea huko. Alitaka kusikia kama litapunguza mwendo mwishoni mwa reli, mahali alipolirekebisha mara tatu lisijigonge.

Likapunguza. Likafunga taratibu, halikujigonga hata kidogo.

"Twende," mume alisema, akamshika juu ya kiwiko.