Kimo si Urefu

Babu yake mzaa baba alikuwa mshika mnyororo wa kupimia ardhi, na hakuna mpaka hata mmoja alioupima uliopata kurudiwa. Baba yake alikuwa mnyapara wa barabara, mtu aliyesifika kwa kuwarudisha vibarua kilomita tatu nyuma wakanyooshe mtaro ambao macho ya wengine yaliuona umenyooka. Naye mwenyewe, mzaliwa wa ukoo huo wa watu wasiokadiria, aliitumikia ofisi ya barabara miaka thelathini na minne, kumi na tisa kati ya hiyo akiwa mkaguzi wa madaraja. Kazini walimpachika jina la Mzee Futi, kwa sababu ya futi ya chuma ya kukunja iliyokuwa haitoki mfukoni mwake. Walidhani wanamtania. Yeye alilipokea jina hilo kama cheo.

Basi mtu wa nasaba hiyo alikuwa ameketi sebuleni kwa binti yake, Jumamosi baada ya chakula cha mchana, akitazama jinsi safari inavyopangwa siku hizi.

Ilikuwa safari ya siku thelathini na nane. Familia ingezunguka hifadhi saba za taifa ndani ya gari kubwa lenye vitanda, jiko na choo, ambalo wao waliliita gari-nyumba. Mkuu wa msafara alikuwa mkwe wake. Huyu alikuwa mtu wa masoko. Kazi yake, kwa kadiri Mzee Futi alivyowahi kuielewa, ilikuwa kuwafanya watu watamani kitu wasichokihitaji, kisha kuwapongeza kwa kukitamani. Alikuwa ameunganisha kompyuta yake na televisheni, na kioo kizima kilijaa jedwali la rangi. Rangi ya kijani ilikuwa ya wanyama. Buluu ilikuwa ya kupumzika. Zambarau, mkwe alieleza bila haya, ilikuwa ya "muda wa familia kujitafakari".

"Siku ya tisa, saa kumi hadi saa kumi na moja jioni," Mzee Futi alisoma kwa sauti. "Kujitafakari. Na asiye na la kutafakari afanyeje?"

"Atapiga picha, babu," alijibu mjukuu wake wa kike, wa miaka kumi na minne, aliyejilaza kifudifudi juu ya zulia.

"Picha ya nini?"

"Yake mwenyewe akitafakari."

Mzee Futi alimtazama aone kama anafanya mzaha. Hakuwa anafanya mzaha.

Binti yake, muuguzi, mwanamke ambaye wodini haruhusu hata shuka moja likae upande, aliingia na mfuko akaanza kutandaza fulana juu ya kochi. Zilikuwa za rangi ya machungwa, zimeandikwa kifuani kwa herufi kubwa: MSAFARA WETU. Mzee Futi hakutaka kuzihesabu, lakini jicho la mkaguzi halistaafu. Mkwe, binti, mjukuu, na wale mapacha wawili waliokuwa uani wakigombania mpira. Fulana tano.

"Baba, safari yenyewe ni ndefu," binti yake alisema upesi, alipoona anatazama. "Na mgongo wako huo..."

"Nani amezungumzia mgongo? Mimi na kibanda hicho cha kukokotwa wapi na wapi!"

"Hakikokotwi, mzee," mkwe alisema kwa upole. "Kina injini."

"Hilo ndilo hasa linalonitia hofu."

Wakacheka. Hawakujua kwamba chini ya dharau hiyo yote palikuwa na jambo moja alilolitaka kwa moyo wake wote. Barabara iendayo hifadhi ya nne ilipasuliwa na baba yake. Kabla ya lango kuna daraja la reli, ambalo yeye alilikagua mara mbili kila mwaka hadi alipostaafu. Alitaka wajukuu wapite pale akiwa pamoja nao, awaambie: mtaro huu, na ule, na ule kule, ni wa kwenu. Lakini kumwomba mkwe nafasi? Mtu aliyetenga saa nzima ya kujitafakari? Asilani.

"Siku ya kumi na saba," mkwe aliendelea, akisogeza jedwali. "Hapa tunapita chini ya daraja la reli. Kibao kinasema kimo kisizidi mita mbili na sentimita tisini. Nimeshakagua, hakuna shida."

Neno hilo, nimeshakagua, lilimkera Mzee Futi kama mchanga ndani ya soksi.

"Umekagua nini?"

"Karatasi ya gari. Urefu wake ni mita mbili na sentimita tano. Tunabaki na karibu mita nzima juu. Tunapita tunacheza, mzee!"

"Nipe hiyo karatasi."

Aliisoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Urefu, mita sita na sentimita tisini. Upana, mita mbili na sentimita thelathini. Urefu wa ndani, mita mbili na sentimita tano. Pembeni palikuwa na picha ya gari lenyewe, mtu mzima kasimama kando ya mlango, na paa likiwa juu kabisa ya kichwa chake, karibu mtu wa pili aweze kusimama mabegani mwake.

Aliikunja karatasi akanyamaza.

Haifai kuficha kwamba alinyamaza kwa raha. Aliliona paa likikunjuka kama mfuniko wa kopo la samaki. Aliwaona wamesimama kando ya barabara na fulana zao za machungwa, madereva wa malori wakiwapigia honi, mkuu wa msafara akitafuta kwenye jedwali lake rangi ya kupasuka paa. Picha hiyo ilimpendeza, akakaa nayo kidogo.

"Mimi kitanda changu ni kile cha juu, juu ya dereva," mjukuu alisema kutoka zuliani. "Siku ya daraja nitalala hukohuko dirishani, nirekodi tukipita."

Raha ikamtoka Mzee Futi yote kwa mara moja. Alisimama, mgongo ukalia, hakuujali.

"Nipelekeni nikalione hilo gari. Sasa hivi."

Yadi ya magari ya kukodi haikuwa mbali. Mwenye yadi aliwapokea na tabasamu na rundo la funguo, akawahakikishia kwamba kila kitu kiko sawa.

"Niletee ngazi," Mzee Futi alisema. "Na ubao ulionyooka. Ulionyooka, nimesema, huo umepinda."

Alipanda vidato vinne. Binti yake alishika ngazi, akimnong'oneza kwamba ataanguka. Naye alimjibu kwamba mtu akianguka akipima ameanguka kazini. Aliulaza ubao juu ya kisanduku cha kiyoyozi, kwa kuwa hapo ndipo palipokuwa juu kuliko pote, akateremsha futi ya chuma hadi chini. Mjukuu aliibana ardhini kwa kiatu, na babu yake akakiweka kidole penye ubao.

"Mwachie mama yako aibane, wewe panda usome."

"Mita tatu na... kumi na mbili."

"Rudia. Mkuu wa msafara hajasikia."

"Mita tatu na sentimita kumi na mbili, babu."

Mkwe alishika karatasi kwa mikono miwili. "Lakini hapa imeandikwa urefu..."

"Urefu wa ndani! Yaani mtu akisimama humo ndani, kutoka sakafuni hadi darini. Gari lako halina magurudumu? Linatambaa kwa tumbo kama mjusi?" Mzee Futi alishuka kidato kimoja kimoja, akisema neno kwa kila kidato. "Urefu ni kutoka pua hadi mkia. Kimo ni kutoka ardhini hadi utosini. Kibao kimeandikwa kimo. Mwezi mzima mmekaa mkichagua rangi za fulana, na katika nyumba nzima ya watu waliosoma hakuna mmoja aliyeuliza neno lina maana gani."

"Wateja huwa hawaulizi," mwenye yadi alijitetea.

"Na wewe huwa husemi. Mmepatana."

Hakuna aliyecheka. Binti yake alikuwa anakitazama kitanda cha juu kupitia kioo cha mbele, na mkono wake ulikuwa umeshika bega la mwanawe.

"Basi hifadhi ya nne tunaifuta," mkwe alisema kwa sauti ndogo, akatoa simu.

"Usifute kitu." Mzee Futi alishtuka jinsi sauti yake ilivyotoka, akaikaza. "Ipo njia ya juu. Inavuka reli kwenye makutano, inaongeza kilomita kumi na moja. Baba yangu ndiye aliyeichonga. Hutaiona kwenye hiyo simu."

"Sasa tutaijuaje?"

Mzee Futi alianza kuikunja futi yake, polepole kuliko ilivyohitajika.

"Babu aje," mjukuu alisema. "Mimi nitalala na mama. Baba alale na mapacha, wanapiga mateke, atajitafakari vizuri."

Binti yake alimgeukia. "Baba, utakuja? Nilipaswa kukuuliza mwanzo."

"Ulipaswa."

"Itabidi niagize fulana ya sita," mkwe alisema, akijaribu kutabasamu.

"Hiyo sivai. Nitavaa shati langu na nitakaa mbele. Na kabla hamjashangilia, nisikilizeni, nawe mkuu wa msafara weka simu mfukoni. Kile kibao cha darajani nilikitundika kwa mikono yangu. Tangu hapo barabara imetandikwa lami mpya mara mbili, na kila tabaka la lami linaipandisha barabara na kulishusha daraja. Kwa hiyo msikiamini kibao, hata kama ni changu. Kila daraja mtakalolifikia, nikiwepo au nimeshaondoka duniani, mtasimama, mtashuka, na mtapima. Nimeeleweka? Haya, kila mmoja aniambie kwa mdomo wake kimo ni nini. Tuanze na wewe, mkwe."