Aliyegonga Bodi

Lori la Mzee Hamis lilikuwa likipanda milima ya Uluguru kufuata viazi vya kuuza Kariakoo. Mimi nilishika usukani. Utingo wangu Wilbert, Mchaga, penye miinuko alitembea nyuma akibeba kabari ya mti, tayari kuitia chini ya tairi lori likirudi nyuma. Kule juu kabisa njia ilipita kwenye mwamba mtupu, bonde kushoto, na breki peke yake haikutosha. Kwa hiyo sikuwa nikipanda mpaka yeye agonge bodi ya nyuma, maana yake yupo tayari. Alikuwa akinitania kwamba mtu wa pwani milimani ni samaki juu ya mti.

Siku ile aligonga. Niliingiza gia ya kwanza, nikapandisha tairi la kulia juu ya jiwe kubwa. Mawe madogo yakaporomoka, injini ikazimika, lori likaanza kurudi. Nilikanyaga breki nikingoja kabari. Haikuja. Nikakata usukani, bodi ikajipigiza kwenye ukuta wa mlima, tukasimama. Wilbert alikuwa ameketi kwenye majani, mbali, kabari mapajani.

Alisema ameteleza. Sikubisha, pale watu huteleza.

Tulipofika Kariakoo, Mzee Hamis aliniita pembeni. Kwa upole akaniambia amesikia kwamba nilipanda bila kungoja kugongewa. Kuanzia safari ijayo ataendesha Wilbert, kwani leseni anayo, nami nitabaki ghalani. Habari ya leseni sikuwa nayo, ingawa kuendesha nilimfundisha mimi, Jumapili baada ya Jumapili.

Nikamfuata Wilbert.

"Uligonga, hukugonga?"

"Niligonga, kaka."

"Sasa mbona umemwambia Mzee vile?"

"Wewe ungeniachia usukani lini?"

Jioni ya kuamkia safari yake alikuja kwangu Mchafukoge. Aliwasalimu watu wa nyumbani, akanywa chai, akazungumzia mvua. Mwishowe akauliza mwamba ule huwa naupandaje.

Nilimweleza: tairi la kulia juu ya jiwe kubwa, gia ya kwanza mwanzo mpaka mwisho, asiibadilishe katikati.

Akaweka kikombe chini.

"La kulia, kweli?"

"La kulia."

"Apa."

Nikaapa. Akashukuru, akatoka. Kupitia dirishani nilimwona amesimama barazani kwa jirani yangu Fikirini, dereva wa lori la mchanga huko Buguruni, ambaye mlima hajawahi kuuona, akimuuliza ni tairi lipi.